Malindi: tuwakumbuke vipi waliokufa Shakahola, hasa wale ambao bado hawana majina?

Mama wa Ngala ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa rika langu, habari za siku nyingi.

Naandika kutoka Malindi kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama wa mtaa. Tumo Wakristo wa makanisa manne na Waislamu sita, na kazi yetu ya kawaida ni kuchangiana katika harusi, uzazi na msiba. Katika mkutano wetu wa mwisho, mwenzetu mmoja alisema jambo lililotunyamazisha sote. Alisema kwamba mwaka 2023 mji huu ulipokea miili 429 kutoka msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa kwamba kufunga kula hadi kufa ni kumwabudu Mungu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekaa matanga. Sisi tunaokwenda kulia na watu tusiowajua kwa sababu tu jeneza limepita mtaani kwetu, tulisimama kando ya barabara tukitazama magari yakipita siku baada ya siku, kisha tukarudi jikoni.

Nazikumbuka siku hizo kwa sababu ya sikukuu. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa Aprili 9, na Idd-ul-Fitr ilifika takriban Aprili 21. Sisi Wakristo tulikuwa tumetoka kuimba kwamba kaburi li wazi, na majirani zetu Waislamu walikuwa wanahesabu siku za mwisho za Ramadhani, wakipelekeana futari. Katikati ya sikukuu hizo mbili ndipo habari za watu waliokonda msituni zilipoanza kutoka, na ufukuaji ulipoanza Aprili 21 tukajua kwamba wakati sisi tunafungua mfungo kwa tende na uji, upande wa Chakama, uliko msitu ule, kulikuwa na watoto ambao mfungo wao haukuwa na mtu wa kuufungua.

Tunataka kuandaa siku ya ukumbusho, ndogo tu, ya mtaa na majirani. Tarehe na mahali tunaweza kuafikiana, lakini linalonikosesha usingizi ni namna ya kusali. Watu hawa walikufa wakiambiwa kwamba wanamwabudu Mungu. Nikipiga magoti na kufumba macho kwa ajili yao, ninatumia vitu vilevile ambavyo vilikuwapo pale msituni: sala, mfungo, Maandiko, wimbo, na sauti ya mtu mmoja inayosema huku wengine wakiitikia. Je, inawezekana kuwakumbuka kwa njia hiyo bila kuwakosea tena? Na tukiiacha njia hiyo, sisi tusiojua kuomboleza bila sala tutashika nini?

Jambo la pili ni majina. Kanisani kwetu, Novemba 2, tunapowaombea marehemu wote, majina ya wafu wa kila nyumba husomwa, na hata bibi asiyesikia vizuri huinua kichwa likitajwa jina la mumewe. Kule Nairobi, mahali ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998, pana bustani yenye majina ya waliokufa, na ndugu huenda kuyagusa. Wetu hatuwezi kuwafanyia hivyo. Miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa familia Machi 26, 2024, ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa vinasaba, na hadi leo wapo wasio na wa kuwaita. Serikali ilisema msitu ule utageuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na naomba iwe hivyo, lakini matanga hayangoji mnara.

Kesi zimefika mahakamani, na mwanzoni walioshtakiwa walikana mashtaka, kwa hiyo ninawasihi tusiifanye mada hii kuwa mahakama ya pili.

Maalim wa Shela amejibu:

Mama yetu wa Ngala, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa swali hili, na awape subira wote walioondokewa.

Nianze na lile ambalo bila shaka linawatatiza wale akina mama sita wa Kiislamu, maana nimeulizwa barazani zaidi ya mara moja. Sala ya jeneza, iwe ya maiti aliye mbele yetu au ya maiti ghaibu, yaani asiyekuwepo mbele yetu, ina masharti yake, na mojawapo ni kwamba anayesaliwa awe Muislamu. Silifichi hilo ili tupendezane, kwa sababu mkikutana juu ya jambo lililofichwa, mtafarakana siku litakapofichuka. Hata hivyo, kuna mlango mwingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimama jeneza lilipopita, akaambiwa kwamba aliyebebwa ni Myahudi, naye akawajibu kwa kuwauliza kama yule si nafsi. Kusimama kule hakukuwa sala ya jeneza. Kulikuwa heshima kwa nafsi iliyoondoka, na kila Muislamu wa Malindi anaweza kuwafanyia hivyo wafu wa Shakahola bila shaka moyoni. Rai yangu ni kwamba siku yenu ianze hivyo: watu wote wasimame kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea, kabla mtu yeyote hajashika kipaza sauti.

Umesema kwamba utatumia vitu vilevile vilivyokuwapo msituni. Nimelifikiria hilo kwa siku mbili. Katika dini yetu kila saumu ina magharibi yake. Mtume alikataza watu kuunganisha saumu ya siku moja na nyingine bila kufuturu, na mtoto, mgonjwa, msafiri na mwenye mimba wana ruhusa yao. Sisemi haya kujivuna mbele ya dini ya mtu, kwani upotofu haukosi mlango wa kuingilia katika nyumba yoyote, na sisi Waislamu wa pwani tumezika vijana wetu waliopotezwa kwa maneno matamu. Nasema kwa sababu siku hizi mtoto wa madrasa akisikia neno mfungo huniuliza kama mtu hufa. Swali hilo halikuwapo nilipoanza kufundisha. Kwa hiyo siku ya ukumbusho nawaomba mtu mmoja wa kila dini aeleze, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka kumi atayaelewa, mfungo ni nini na unakoma wapi. Kwangu mimi hiyo nayo ni dua.

Kuhusu chakula, habari za kifo cha Jaafar bin Abi Talib zilipofika Madina, Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Huku kwetu tumelipindua agizo hilo, mfiwa ndiye anayepikia umati hadi arobaini na kubaki na madeni, na nimelisemea sana mimbarini bila mafanikio makubwa. Safari hii tulirudishe mahali pake. Kama kuna familia za marehemu zitakazofika, zisiguse sufuria.

Mtu wa Langobaya amejibu:

Salamu kwenu. Mimi ni Mgiriama wa huku ndani, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, kwa hiyo magari mliyoyatazama yakiingia mjini sisi tulikuwa tumeyaona yakitoka.

Ninaomba siku hiyo isifanyike mjini peke yake. Shakahola ni jina la kijiji. Kuna watu wanaolima mahindi pale, wenye shule, duka na mashine ya kusaga, na kijana wao akienda kutafuta kazi Mombasa na kutaja anakotoka, huangaliwa kama mtu aliyefufuka. Mwaka 2022 ukame ulitubana sana, ng'ombe walikufa, na kina mama walitembea mbali kutafuta maji na chakula cha msaada. Sisi tulikuwa tunaililia posho, na kilomita chache kutoka kwetu kulikuwa na watoto wanaozuiwa kula. Jambo hilo halijatutoka. Kuna wazee ambao hadi leo hujiuliza walipita karibu mara ngapi bila kusikia kilio. Nao pia wana msiba, hata kama hawana ndugu aliyezikwa mle.

Kwa mila yetu, mtu hana hanga moja, yaani matanga mamoja. Liko lile la kwanza, maiti anapozikwa, watu wakalala nje kwenye mikeka, na liko la baadaye, moyo ukishatulia kidogo, watu wanapokutana tena kummaliza marehemu vizuri. Waliokufa msituni walifukiwa bila hanga la kwanza, wengine wakilundikwa pamoja katika shimo moja bila mkeka wala jina. Walipofukuliwa hawakulala tena ardhini, bali katika makontena ya baridi. Kwa hiyo mnapouliza kama mmechelewa kukaa matanga, mimi naona kwamba kwa wengi wao hanga la kwanza bado halijafika.

Nimesikia kuna waliopendekeza tuchonge vigango, zile nguzo za mbao za ukumbusho, vya kuwakumbuka. Naomba wazo hilo liachwe. Kigango huchongewa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na ukoo wake ndio unaokisimamisha kwa sababu zake, si pambo la sherehe, na vya kwetu vimeibwa vya kutosha vikapelekwa makumbusho za ng'ambo. Hata koma ya kawaida, ile nguzo ndogo ya marehemu, husimamishwa na watu wa nyumba ya marehemu. Hatuna haki ya kuwafanyia wageni mila ambazo hawakuzijua. Tunachoweza kuwapa ni kile ambacho Mgiriama humpa mgeni yeyote aliyefia kwake, yaani watu wa kulala nje pamoja naye usiku mmoja.

Juu ya tarehe, napendelea Machi 26 kuliko Aprili 21. Aprili ni masika, barabara yetu huwa tope na watu wako shambani, na hata ufukuaji wenyewe ulisimamishwa kwa mvua. Halafu Aprili 21 ni siku walipoonekana, lakini Machi 26 ni siku walipoanza kurudi kwao.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Nitaandika machache. Wazo la kulisha watu ni zuri, lakini mkumbuke kwamba huenda manusura wakafika. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu hapewi sahani iliyojaa. Huanzishwa kwa kidogo sana, kwa kupimwa, kwa sababu chakula kingi kwa ghafla huvuruga chumvichumvi za mwili na moyo unaweza kusimama. Miili yao sasa imepona, ila naamini kwamba nafsi nayo hulishwa vivyo hivyo. Msimwite manusura jukwaani atoe ushuhuda. Msimkazie macho akila, wala asipokula. Wapo waliokataa chakula hata baada ya kuokolewa, na Juni 2023 manusura 65 walifikishwa mahakamani kwa sababu hiyo. Anayetaka kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, aachiwe kiti hicho.

Ndugu wa Aliyetoweka amejibu:

Nimeisoma mada hii mara tatu kabla ya kuamua kuandika. Mimi si mtu wa pwani, natoka magharibi mwa nchi. Dada yangu aliondoka nyumbani na watoto wake watatu akisema wamepata shamba upande wa Malindi. Mei 2023 nilisafiri kwa basi usiku kucha, nikajiandikisha katika meza ya Msalaba Mwekundu iliyowekwa hospitalini, mahali ambapo zaidi ya watu 600 walikuja kuripotiwa kuwa wametoweka, na nikatoa sampuli ya vinasaba. Nilikaa Malindi siku kumi na moja. Mwenye nyumba ya kulala wageni alinirudishia nusu ya pesa zangu bila mimi kuomba, na jirani yake, mama wa Kiislamu, alinitumia chai kila asubuhi. Kwa hiyo, Mama wa Ngala, si kweli kabisa kwamba Malindi haikukaa matanga. Ilikaa kimyakimya, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokaliwa.

Hadi leo sijapewa mwili hata mmoja. Mama yetu amekataa tusiweke matanga, akisema kwamba kumlilia mtu ambaye hajaonekana ni kumzika akiwa hai. Nami siwezi kumshurutisha. Kwa hiyo nawaomba, sala yoyote mtakayoiandaa iwataje waliokufa na pia wale ambao hatujui waliko. Mkiwataja wafu peke yao, mama yangu ataondoka uwanjani.

Kaka wa Langobaya, nimekuelewa kuhusu mvua, ila Machi 26 ni siku ya wale waliopewa watu wao. Nilitazama kwenye simu familia ya kwanza ikipokea majeneza, nikawafurahia na kuwaonea wivu kwa wakati mmoja, na niliona aibu kwa wivu huo. Aprili 21 ni ya sote.

Nina ombi lingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tafadhali msiseme wafuasi. Magazeti yamesema wafuasi, wahubiri wamesema wafuasi, hata walionipa pole walisema pole kwa wafuasi wale. Mashtaka ya mauaji yaliyofikishwa mahakamani yanahusu watoto 191. Mtoto wa miaka minne hakumfuata mtu yeyote. Alishikwa mkono na mama yake, kama alivyoshikwa siku zote, na mama yake naye alikuwa na huzuni zake alizozibeba kutoka nyumbani ambazo sisi ndugu zake hatukuziuliza. Uchunguzi wa daktari wa serikali ulionyesha kwamba wengine hawakufa kwa njaa, bali walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mtu wa namna hiyo anaitwaje mfuasi? Waiteni watu, au watoto, au ndugu zetu.

Kuhusu majina, msiyasome kutoka gazetini. Aulizwe kwanza mwenye jina lake. Zipo familia zilizozika usiku kwa hofu ya kuchekwa na majirani.

Mchungaji wa Barani amejibu:

Ndugu yangu uliyeandika hapo juu, pole ni neno dogo, ila ndilo nililo nalo.

Ninaongoza kanisa dogo, la mabati, na tangu mwaka 2023 ninatazamwa kwa shaka na hata watoza ushuru wa soko. Sina kinyongo. Kwa miaka mingi sisi wachungaji wa hapa tulisikia mafundisho ya ajabu tukasema kila mtu na huduma yake, tusiingiliane. Na mwaka 2025, makaburi mengine yalipofukuliwa Kwa Binzaro, upande uleule wa Chakama, miili zaidi ya 30, nilijua kwamba ukimya wetu ulikuwa umeendelea hata baada ya kilio chote kile.

Kwa hiyo siku hiyo ninaomba sisi viongozi wa dini tukae chini kwenye jamvi, na jukwaa lisiwepo kabisa. Nikipewa dakika tano nitasoma Isaya sura ya 58, pale Mungu anapouliza ni mfungo gani anaoutaka, naye anajibu mwenyewe kwamba ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kisha nitaomba radhi, kwa niaba yangu, bila kumtaja mwingine. Mahubiri sitayatoa. Watu wale walihubiriwa vya kutosha.

Mama wa Ngala amejibu:

Nimewasomea wenzangu majibu haya yote jana jioni, na yalipofika yale ya ndugu yetu wa magharibi, tulisimama kusoma kwa muda. Mwenzetu mmoja alitoka nje. Baadaye alirudi na kutuambia kwamba alikuwa anauza chai nje ya lango la hospitali mwezi ule wa Mei, na kwamba kuna wageni waliokaa kwenye benchi lake kutwa nzima bila kuagiza kitu, naye hakuwafukuza, lakini pia hakuwauliza neno. Alisema angependa siku hiyo awe yeye wa kumimina chai.

Tumekubaliana haya. Tutakutana Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 21. Mtu wa Langobaya, utuwie radhi kwa masika, tutakuja kwenu jioni na turubai, tulale nje usiku mmoja pamoja na wazee wenu, na asubuhi turudi mjini tusimame kimya kando ya ile barabara tuliyosimama mwaka 2023, safari hii tukijua tumesimama kwa ajili ya nani. Hapatakuwa na jukwaa. Maalim na Mchungaji watakaa kwenye jamvi moja, na kila mmoja atawaeleza watoto mfungo unakoma wapi. Sala itawataja waliokufa na wale ambao hatujui waliko, na neno lile halitatamkwa. Uji utakuwepo, wa mtama na nazi, kwenye vikombe vidogo, na anayetaka atachota mwenyewe.

Jina litasomwa tu pale ambapo mwenyewe ametuletea. Kwa waliobaki, binti yangu amependekeza kwamba badala ya kusoma, kila mtoto wa mtaa alete jiwe moja safi kutoka ufukweni, hadi yatimie 429, na tuyapange bila kuandika chochote juu yake, ili siku jina likipatikana liwe na mahali pa kuandikwa. Sijui kama ni wazo zuri au ni la kitoto. Wenzangu wamelipenda.

Ndugu wa magharibi, nauli ya watu wawili kutoka kwenu hadi Malindi tumeshaanza kuichanga, yako na ya mama yako kama atakubali. Chumba kipo kwangu. Kama hatakubali kuja, tuambie tu jina ambalo angependa tulitaje upande wa wanaongojewa, au utuambie tusitaje, nasi tutakuelewa. Tunachokosa kwa sasa ni gari la kubeba watu arobaini hadi Langobaya wakati wa tope. Mwenye lori au anayemjua mwenye lori, tafadhali aandike hapa.